Kupima mkono wa mashine ya santuri ya kale: tuanze na 45 zetu za benga

#1 Santuri_Kisumu

Wadau wa santuri wa Nyanza, Magharibi na Bonde la Ufa, hamjambo. Swali ninaloulizwa faragha ni lile lile. Mtu amepata mashine ya kale, labda sokoni Kibuye siku ya Jumapili, labda sebuleni kwa babu. Ameitia sindano mpya. Mwanzo wa wimbo unatoka safi kabisa, lakini ukielekea mwisho magitaa yanaanza kukwaruza. Akiuliza, anaambiwa anunue sindano ya bei ghali zaidi. Nawaomba, kabla hamjatoa hata shilingi moja, pimeni mkono, ule ufito unaobeba sindano.

Sisi wa benga tuna shida ambayo vitabu vya maelekezo vya Ulaya na Japani havikuifikiria sana. Mnajua wimbo wa benga unavyokwenda: waimbaji wanamaliza hadithi yao, kisha solo, ridhimu na besi zinaachiwa uwanja na mwendo unapanda. Ile klaimaksi ndiyo watu wanayoingojea. Na iko mwishoni mwa upande, karibu na lebo, mahali ambapo sindano yoyote inapata taabu kuliko popote pengine.

Angalieni hesabu. Kwenye LP, ile santuri kubwa ya mizunguko 33 kwa dakika, mfereji wa nje kabisa unapita chini ya sindano kwa mwendo wa takriban milimita 500 kwa sekunde. Kwenye 45, ile ndogo ya inchi 7 inayozunguka mara 45 kwa dakika, muziki unaanza karibu milimita 84 kutoka katikati na unaweza kushuka hadi 54. Pale kwenye 54 mwendo ni kama milimita 250 kwa sekunde. Noti ile ile ya solo imebanwa katika nusu ya nafasi. Mkono ukiwa umekaa vibaya kidogo tu, mwanzo wa LP utakusamehe, lakini mwisho wa 45 hautakusamehe.

Sasa kwa nini mkono ukosee? Mashine iliyokata santuri kiwandani ilikwenda kwa mstari ulionyooka. Mkono wetu umefungwa upande mmoja na unazunguka kama bawaba, kwa hiyo sindano inalingana sawasawa na mfereji katika nukta mbili tu. Kwingine kote inakaa upande kidogo. Wataalamu walikokotoa zamani nukta hizo ziwekwe wapi: Löfgren mwaka 1938, Baerwald 1941, Stevenson 1966. Karatasi nyingi za kupimia mtakazokutana nazo ni za Baerwald, nukta zake ni milimita 66.0 na 120.9. Za Stevenson ni 60.3 na 117.4.

Tazameni ile 120.9. Hakuna 45 ya inchi 7 inayofika huko, kwani santuri yenyewe imeishia milimita 89. Baerwald alisambaza kosa kwa haki juu ya LP nzima, na kwa mwenye LP ni kazi nzuri sana. Lakini kabati langu, na la wengi wenu, ni 45 tupu: Shirati Jazz, Victoria Jazz, na bendi nyingine za miaka ya sabini. Kwetu sisi nukta ya ndani ndiyo yenye kazi, na inafaa ikae karibu na lebo. Nimekokotoa kwa mkono wa kawaida wa inchi 9, ambao kutoka egemeo hadi katikati ya sahani ni milimita 215. Kwa Baerwald, pale kwenye milimita 54 sindano imepinda nyuzi 2 hivi. Kwa vipimo vya kiwandani vya Technics SL-1200, ambavyo nukta zake zinaangukia karibu 58.8 na 113.5, mahali pale pale imepinda nyuzi 0.7. Hiyo ni theluthi moja tu ya kosa, na ipo palepale magitaa yanapochachamaa.

Nitaeleza kazi yenyewe hapo chini. Wenye mashine tajeni ni aina gani, nitajibu moja moja.

#2 KijanaWaLuanda

Heshima kaka. Mimi baba aliniachia Lenco L75. Mkono unacheza, unalala upande. Sindano ikiruka naweka shilingi moja juu ya kichwa, inatulia. Sijaona ubaya wake.

#3 Santuri_Kisumu

Ndugu, toa hiyo sarafu leo leo. Sarafu ina gramu kadhaa, na sindano nyingi za sumaku zimetengenezwa kubeba kati ya gramu 1.5 na 3 kwa jumla. Ukiongeza sarafu juu ya uzito uliokuwepo, kijiti cha sindano kinazama, tumbo la katriji, kile kifaa kinachoshika sindano, linagusa santuri, na mfereji unachongwa. Sindano inaruka kwa sababu fulani. Sarafu inaficha sababu na kumtwisha santuri deni.

Kwa L75 sababu naijua kabla sijaiona. Mkono wa Lenco unakalia visu viwili vidogo, na visu vinakaa ndani ya vipande viwili vya raba vilivyokatwa umbo la V. Raba ile ikizeeka inasagika. Shika mkono taratibu karibu na egemeo, utikise upande kwa upande. Ukisikia unagonga, chungulia chini yake na tochi. Utaona makombo ya raba yamelala juu ya bamba la chuma. Hapo hakuna kipimo kitakachosimama, kwa sababu kila unapouinua mkono unarudi kukaa mahali pengine. Badilisha vipande hivyo kwanza, ndipo tuzungumze habari za nyuzi na milimita.

#4 FundiKondele

Nathibitisha. L75 zote zinazofika mezani kwangu zina ugonjwa huo. Vipande nachonga kwa nailoni ngumu, ile ya kutengenezea bushi. Muhimu V iwe laini, bila alama za msumeno, na viwili vilingane kimo, la sivyo kichwa kitainama upande mmoja. Usitie grisi. Kisu kinakaa kikavu.

Na kijana aangalie kama ana kile kizito kidogo cha antiskeiti kinachoning'inia kwa uzi, cha kuuzuia mkono usivutwe kuelekea katikati. Karibu kila mara kimepotea.

#5 DadaWaNaka

Habari za jioni. Niko Nakuru, nina Technics SL-1200MK2 ya kaka yangu aliyekuwa deejay. Katriji ni Shure M44-7. Nimefunga kila kitu lakini upande wa kulia unakwaruza zaidi ya wa kushoto. Nimeangalia nyaya, rangi zinalingana. Nianzie wapi?

#6 Santuri_Kisumu

Karibu dada. Umefanya vizuri kuanza na nyaya. Kwa wengine: nyeupe ni kushoto chanya, buluu kushoto hasi, nyekundu kulia chanya, kijani kulia hasi. Zichomekwe kwa kibano, msizivute kwa waya. Msilehemu chochote moja kwa moja kwenye pini za katriji, joto linaua koili ndani.

Mashine yako ni rahisi kuliko zote humu. Kwanza sahani ikae sawa, weka pimamaji juu yake kwa pande mbili. Kisha antiskeiti irudishe 0, ondoa kifuniko cha sindano, na zungusha uzito wa nyuma mpaka mkono uelee wenyewe, usipande wala usishuke. Angalia unavyoelea. Ukiusukuma kwa pumzi uende na kurudi bila kukwama popote. Ukikwama, beringi ina uchafu au imeumia, na hapo ni kazi ya fundi. Ukielea vizuri, shika uzito usizunguke, geuza ile pete ya namba peke yake hadi 0, kisha zungusha vyote pamoja hadi gramu unayotaka. M44-7 inaruhusu 1.5 hadi 3. Kwa kusikiliza nyumbani anza 2. Ma-deejay walikuwa wanapandisha hadi 3 kwa sababu ya kuskrachi, wewe huna haja.

Shure waliacha kutengeneza katriji mwaka 2018, kwa hiyo hakikisha sindano uliyo nayo haijaisha. Kama hujui umri wake, fundi mwenye hadubini aitazame.

Namba za kwenye pete zinadanganya kidogo kwenye mashine za umri huu. Tafuta mizani ndogo ya kidijitali yenye kusoma sehemu ya mia ya gramu. Huku kwetu Kakamega na Migori wanunuzi wa dhahabu wanazo, maduka ya vifaa vya masonara pia. Mambo mawili: bati la mizani liwe kwenye kimo kile kile cha juu ya santuri, ukiweka mizani nene juu ya sahani utasoma uongo. Na kabla sindano haijagusa, isogeze karibu uone kama namba inaruka. Ikiruka, sumaku ya katriji inavuta chuma cha mizani, na hiyo mizani haifai.

Kuhusu upande wa kulia. Kichwa cha mkono kimepinda kuelekea ndani, na msuguano wa mfereji unauvuta mkono mzima uelekee katikati. Sindano inaegemea ukuta wa ndani, ambao ni chaneli ya kushoto, na inaulegeza ukuta wa nje, ambao ni kulia. Kulia kukikwaruza peke yake, dalili ya kwanza ni antiskeiti ndogo mno. Iweke sawa na gramu za sindano, yaani 2 kwa 2, usikilize, kisha ongeza robo robo. Msitumie ile njia ya santuri tupu isiyo na mifereji kuona kama mkono unatulia. Msuguano wa bapa si sawa na msuguano wa mfereji wenye muziki.

45 zetu zinatusaidia hapa, kwa sababu nyingi ni mono. Sauti ya kushoto na ya kulia ni ile ile moja. Kaa katikati ya spika, cheza mwisho wa santuri safi unayoiamini. Sauti ikitoka katikati na kubaki hapo hadi mwisho, umefika. Ikihama au upande mmoja ukipasuka, bado.

#7 DadaWaNaka

Asante sana. Antiskeiti ilikuwa 0 kabisa. Nimeweka 2 na tofauti naisikia. Sasa ile milimita 52 ninayoisoma kwenye maelekezo ndiyo nini?

#8 Santuri_Kisumu

Hiyo ndiyo zawadi ya Technics. Fungua pete ya shingo, toa kichwa, pima kutoka ukingo wa shingo pale penye raba hadi ncha ya sindano. Iwe milimita 52. Legeza skrubu mbili za katriji, isogeze mbele au nyuma kwenye vile vijia vyake, ukilinganisha mbavu za katriji na mbavu za kichwa zikae sambamba. Ukifika 52, ncha inapita katikati ya sahani kwa milimita 15, na unapata zile nukta nilizotaja pale juu, 58.8 na 113.5.

Watu wengi mtandaoni wanadharau kipimo hiki, wanaona Baerwald ni bora. Kwa LP nawaelewa. Kwa mwenye 45 za Kisumu naona wanamharibia.

Kaza skrubu kidogo kidogo kwa zamu, kushoto kisha kulia, bila nguvu. Katriji hugeuka dakika ya mwisho ya kukaza, na hapo ndipo kazi yote inapotea. Ukimaliza pima tena.

#9 Mwalimu_Mstaafu

Mulembe wandugu. Nafuatilia kutoka Kakamega. Nina maswali mawili. La kwanza: kama muziki wa 45 unakaa kati ya 84 na 54, kwa nini tusiweke nukta zote mbili ndani ya eneo hilo? La pili: nina 78 za marehemu mjomba wangu. Naweza kuzicheza kwa sindano hii hii?

#10 Santuri_Kisumu

Mulembe mwalimu. Swali la kwanza ni zuri sana na hesabu yake inawezekana. Kwa mkono ule ule, nukta zingekaa karibu 57 na 78. Lakini ncha ingepita katikati kwa milimita 10 tu badala ya 15, na katriji ingegeuzwa ndani ya kichwa nyuzi kama 4 na nusu kwenda nje. Vijia vya skrubu kwenye vichwa vingi havitoi nafasi hiyo yote, na LP yoyote ukiiweka hapo itaumia. Mwenye mkono wa kichwa cha kutoa anaweza kutenga kichwa cha pili kwa 45 pekee. Mimi kwa maoni yangu Stevenson au Technics inatosha, kwa sababu inakuachia mlango wa LP wazi.

La pili: hapana, mwalimu, tafadhali usifanye. Mfereji wa 78 ni mpana. Unataka sindano ya mikroni 65 hadi 75 hivi, wakati ya stereo ya mviringo ni 15 hadi 18. Ile ndogo inazama hadi chini, inasoma takataka, na inakwaruzika. Kuna sindano za 78 zinazoingia kwenye katriji za kawaida, fuata gramu za mtengenezaji wake. Na 78 za shelaki usizioshe kwa spiriti, zinayeyuka. Maji yaliyochujwa na sabuni kidogo, lebo ikae kavu.

Halafu SL-1200MK2 haina mwendo wa 78. Lenco ya kijana wa Luanda inao.

#11 KijanaWaLuanda

Fundi wa Kondele amenichongea V. Mkono umetulia kabisa, haugongi. Lakini Lenco haina hiyo ya milimita 52. Nitumie nini?

#12 Santuri_Kisumu

Safi sana. Wewe utatumia karatasi ya Stevenson. Pakua, uende saiba, na hapa simama kidete: mwambie mhudumu achape kwa asilimia 100, asiruhusu kompyuta ibane ukurasa uingie kwenye karatasi. Kila karatasi nzuri ina mstari wa majaribio, mara nyingi wa milimita 100. Upime kwa rula ukiwa bado kaunta. Ukisoma 97, rudisha.

Toboa tundu la katikati libane mhimili vizuri, karatasi ikicheza hata nusu milimita umepoteza. Zima mashine, tegesha sahani isizunguke. Shusha ncha juu ya nukta ya ndani, ile 60.3. Usitazame mwili wa katriji, tazama kijiti cha sindano chenyewe, ukiwa na taa nyuma yako na lenzi mkononi. Kijiti kinatakiwa kilale sambamba na mistari ya karatasi. Kisha nenda nukta ya nje, 117.4. Kama ndani kimelingana na nje kimepinda, sogeza katriji mbele au nyuma kidogo na uanze upya. Ni kazi ya subira, unazunguka kati ya nukta mbili mpaka zote zikubali. Ikishindikana kabisa, ipendelee ya ndani.

Sasa kimo. Ukiwa kwenye santuri, mkono uangaliwe kwa ubavu: uwe sambamba na santuri. Weka kadi yenye mstari nyuma yake kukusaidia. Kisha tazama kutoka mbele, ncha ikiwa imekaa juu ya kioo kidogo cha kujipodoa chenye kimo cha santuri. Sindano na kivuli chake kiooni viunge mstari mmoja ulionyooka. Vikiunda pembe, kichwa kimeinama. Kwa Lenco, kama umeweka V mpya na bado kimeinama, rudi kwa fundi alinganishe vimo.

#13 FundiKondele

Alete, sitamtoza tena.

Niongeze jambo kwa wale wanaoletewa mashine na ndugu walioko Marekani. Transfoma inashusha 240 iwe 120, lakini haibadilishi hezi. Umeme wa kule ni 60, wetu ni 50. Mota inayofuata hezi itazunguka polepole kwa moja ya sita, 33 inakuwa kama 27.8. Watu wanakuja kwangu wakisema santuri imeharibika, sauti nzito. Kwa Lenco unasogeza tu gurudumu la raba kwenye koni ya mota. Nyingine zinahitaji kapi ya hezi 50.

Na ile sahani ya mistari ya kupimia mwendo, ya kwetu ni mistari 180 kwa 33. Itazameni chini ya taa ya zamani ya waya au neoni. Balbu nyingi za LED za siku hizi haziwaki na kuzimika kwa kufuata umeme, mistari haitasimama hata mwendo ukiwa sahihi.

#14 Mwalimu_Mstaafu

Fundi asante. Santuri zangu nyingine zinakwaruza mwisho hata kwa jirani mwenye mashine nzuri. Hapo napo ni mkono?

#15 Santuri_Kisumu

Hapana mwalimu, hapo ni historia ya santuri. Nyingi zilichezwa kwenye baa na kwenye redio-gramu zenye katriji za seramiki, zilizobeba gramu tano na zaidi, kwa sindano zilizokwisha. Ukuta wa mfereji ulishachongwa, na hakuna kipimo kitakachourudisha. Ndiyo maana nasisitiza mjaribu mkono kwa santuri mnayojua ni safi. Ikikwaruza moja tu, ilaumuni santuri. Zikikwaruza zote mahali pale pale, rudini kwenye karatasi. Wakati mwingine sindano yenye ncha ya umbo jingine inagusa sehemu ya ukuta ambayo ile ya zamani haikuifikia, na muziki unarudi kwa kiasi. Kwa santuri unayoipenda sana inafaa kujaribu.

#16 DadaWaNaka

Nimefika 52. Jana nimecheza 45 zote za baba, na sauti inabaki katikati hadi mwisho. Nataka kubadilisha niweke Ortofon 2M Red, mkono huu utaikubali? Nimeambiwa kuna habari ya mtetemo.

#17 Santuri_Kisumu

Hongera dada! Itakubali. Mkono na katriji vina mtetemo wao wa asili, na tunautaka ukae kati ya hezi 8 na 12: juu ya kupinda kwa santuri, chini ya besi. Chukua uzito wa mkono unaohisiwa kwenye ncha, ujumlishe na wa katriji, kwa gramu, zidisha kwa ulaini wa kijiti, tafuta kipeuo cha pili, kisha gawa 159 kwa jibu hilo. Mkono wako ni kama 12, katriji 7.2, na skrubu, tuseme 20. Ulaini wa 2M Red ni 20. Ishirini mara ishirini ni 400, kipeuo chake 20, na 159 kwa 20 ni hezi 8 hivi. Uko ukingoni mwa chini lakini ndani. Ikiwa una santuri zilizopinda sana kwa joto, tafuta kichwa chepesi zaidi.

Uzito wa kukandamiza sindano yake ni gramu 1.8. Antiskeiti 1.8 kwa kuanzia. Katriji mpya ina kimo tofauti na Shure, kwa hiyo fungua kufuli la egemeo, geuza pete ya kimo mpaka mkono uwe sambamba, kisha funga. Na ukishamaliza kuisogeza hadi 52, rudia mizani, kwa sababu kila unapoisogeza katriji mbele uzito wa ncha unaongezeka.